Duma: Kilio Hiki Kinaelekea kwa Nani?

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Mtwara alitujia na simu yake baada ya ibada, akatuomba tusikilize muziki anaoupenda. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba muziki ule ni wa shetani, na kwamba anayeusikiliza asiguse kinanda cha kanisa. Tuliona si haki kuhukumu tusichokisikia. Tukaisikiliza albamu yote mara mbili.

Albamu inaitwa Duma, na ndilo jina la kundi lenyewe. Walioitengeneza ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote wametoka katika bendi za metali, yaani muziki wa magitaa mazito na sauti za kunguruma. Walirekodi Kampala mwaka 2019, katika studio ya Nyege Nyege, na albamu ikatoka Agosti 2020. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisifu. Kwetu ilifika kimyakimya, kwenye simu za watoto wetu.

Kwa Kiswahili duma ni mnyama mwenye mbio. Kwa Kikuyu jina hilo lina maana ya giza. Yote mawili yamo humu: ngoma zilizotengenezwa kwa kompyuta zinakimbia kupita uwezo wa mikono ya mtu, na juu yake mtu anapiga mayowe kama aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua.

Je, ni muziki wa shetani? Wimbo mmoja unaitwa "Sin Nature", yaani asili ya dhambi. Sisi Walutheri tunalifundisha jambo hilo katika Kipaimara. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alisema mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake: ubaya ni ubaya. Kwa kipimo hicho, vijana hawa wamesema kweli. Hawakulipamba giza.

Sisi je? Oktoba 2020, miezi miwili baada ya albamu hii kutoka, wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaishambulia Kitaya. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Jumapili iliyofuata tuliimba nyimbo za ushindi, kinanda kikiwa juu, kama kawaida. Mama mmoja mwenye ndugu upande wa mto alitoka kabla ya mahubiri. Hatukumpa mahali pa kulia. Zaburi ya 88 haina neno la faraja mwishoni, inaishia gizani. Imo katika Biblia zetu, lakini hatukumbuki lini iliwahi kusomwa madhabahuni kwetu.

Hata hivyo hatuisifu albamu hii bila kuihoji. Kuna wimbo ambao jina lake linamwambia mtu ajiue kabla hajauawa. Huenda ni ukali wa kisanii tu, lakini sisi tunaokaa usiku na vijana waliokata tamaa hatuwezi kulipokea neno hilo, na tulimwambia kijana wetu hivyo waziwazi. Tena, mayowe yamezamishwa ndani ya mashine hata maneno hayasikiki. Hapo ndipo tunapoachana nayo. Mwenye Zaburi ya 88 naye yuko gizani, lakini anamwita Mungu kwa jina, anamdai, anamlaumu, tena kwa maneno yanayoeleweka. Kilio chake kina anwani. Kilio cha Duma kina nguvu zote za kilio, lakini tulipomaliza kusikiliza hatukujua kinamwelekea nani.

Kosa hilo si lao peke yao. Kijana hujifunza wapi kumlilia Mungu, ikiwa kanisani tunamfundisha kushangilia tu? Akikosa kwetu maneno ya kulia, atayatafuta mayowe kwingine.

Tulizungumza na wale wazee. Kijana bado anapiga kinanda. Na katika Kwaresima tulimpa asome Zaburi ya 88 mbele ya usharika, bila wimbo wa kuifuata. Alisoma polepole, akaketi. Tukakaa kimya. Yule mama safari hii hakutoka.