Wembamba wa Reli na Bei ya Tiketi

Kila mwaka ikikaribia Aprili, mashabiki wa mpira wa Kimarekani hubishana juu ya jambo ambalo kwangu ni la kifasihi kama lilivyo la kimichezo: je, timu itoe mali ya ziada ili ipande foleni ya drafti na kumchukua mpokeaji mwenye umbo dogo? Katika mabishano hayo hakosekani msomi wa kukitaja Moneyball, kitabu cha Michael Lewis cha mwaka 2003. Eti hamjasoma? Umbo si hoja! Nadhani anayejibu hivyo amekisoma vibaya kitabu kizuri, na kosa lake linaweza kuigharimu timu miaka mitano.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, tuwekane sawa kidogo. Drafti ya NFL ni siku ambazo timu 32 huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, na iliyoboronga zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia. Raundi ni saba, na zamu ni mali, inauzika. Ukiwa nafasi ya 16 na unayemtaka hatakufikia, unampa mwenzako wa nafasi ya 8 zamu yako pamoja na nyingine za raundi za chini, mnabadilishana. Kila zamu uliyoitoa ni mchezaji ambaye hutampata. Mpokeaji naye ni yule anayekimbia mbele, anamtoroka beki, anadaka mpira uliorushwa. Beki ana ruhusa ya kumsukuma mwanzoni mwa mbio na kumwangusha akishadaka. Ndiyo maana kilo zinahesabiwa.

Sasa kitabu. Moneyball kinahusu besiboli na timu ya Oakland. Lewis anatuingiza kwenye chumba cha maskauti mwaka 2002, watu wanaopenda miili ya kupendeza. Mbele yao yupo meneja mkuu, Billy Beane, ambaye mwenyewe alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 1980, akiwa na kila dalili ya nyota machoni pa maskauti, kisha uwanjani hakufika mbali. Beane anamtaka Jeremy Brown, mdakaji mnene wa Chuo Kikuu cha Alabama, kijana ambaye mwili wake unawachekesha wazee wale. Hapo Lewis anatunasa. Sisi tuliolelewa na Sungura anayewazidi akili Simba na Fisi tunajua la kufanya akitokea mnyonge anayechekwa: tunamshangilia kabla hata hajaingia uwanjani.

Ila tazama kinachopita chini ya hadithi hiyo. Oakland ilimwita Brown mapema kuliko wengine walivyodhani anastahili, ikamlipa pungufu ya kawaida ya zamu yake. Kitabu kinahusu bei. Hoja yake ni kununua kwa rahisi kile ambacho soko limekidharau, na soko likishaacha kukidharau, faida imekwisha. Brown alikuja kucheza mechi tano tu katika ligi kuu, mwaka 2006. Hoja ya kitabu haifi kwa sababu hiyo, maana hasara ya bei ndogo ni ndogo. Ila hadithi ya Sungura inapata jeraha, na msomaji mwaminifu hana budi kuliona.

Ukiuhamishia mantiki hiyo NFL, jibu la yule msomi linageuka kinyumenyume. Tangu mkataba wa kazi wa 2011, mshahara wa mwanzo wa kijana hufuata nafasi aliyochaguliwa, kwa hiyo udogo wa umbo haukupi punguzo. Na ukipanda foleni kumfuata, ina maana unaamini kuna mwingine atakayemchukua kabla yako, kwa hiyo hadharauliki tena. Unalipa bei ya mkubwa, tena na nyongeza juu yake. Huwezi kufanya hivyo ukiwa na Moneyball kwapani.

Mwaka 2013 Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, walipanda kutoka nafasi ya 16 hadi ya 8 kumchukua Tavon Austin wa West Virginia, kijana wa mita 1.74 na kilo 79. Waliwapa Buffalo zamu nne, zile za 16, 46, 78 na 222, wakapokea mbili: ya 8 na ya 71. Austin alikuwa na mbio za kutisha. Lakini katika maisha yake yote ya NFL hakuwahi kufikisha yadi 600 za kupokea katika msimu mmoja. Watetezi wake wanasema hakuwa na wa kumrushia, na kweli mrushaji wao Sam Bradford aliumia msimu uleule. Sawa. Ila DeAndre Hopkins, aliyechukuliwa wa 27 katika drafti hiyohiyo, alipita mikononi mwa warushaji wengi dhaifu na bado akadaka.

Mwaka 2021 Philadelphia Eagles walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 10 kumchukua DeVonta Smith, naye wa Alabama, mshindi wa tuzo ya Heisman. Urefu mita 1.83, uzito kilo 75 kwenye vipimo vya afya. Waliwapa Dallas zamu moja tu ya ziada, ya 84. Msimu wake wa kwanza alipata yadi 916, akavunja rekodi ya timu kwa wapokeaji wageni. Msimu wa pili 1,196, wa tatu 1,066.

Kwa nini mmoja alilipa na mwingine hakulipa? Hapa lugha yetu inaona kitu. Maskauti wana neno moja la Kiingereza la kumtia kapu moja kila aliye chini ya kipimo. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Kinauliza papo hapo: ni mfupi au ni mwembamba? Mfupi ana mikono mifupi, na mrushaji ana shabaha ndogo ya kulenga. Mwembamba anaogopewa kusukumwa na kuvunjika, lakini mikono yake inafika. Hizo ni hofu mbili tofauti, na zinastahili bei mbili tofauti.

Hata hivyo urefu peke yake hautoshi. Xavier Worthy ana mita 1.8 hivi na kilo 75, na mbio za sekunde 4.21 kwa yadi 40, rekodi ya majaribio ya NFL. Kansas City Chiefs walipanda kwa ajili yake mwaka 2024, kutoka 32 hadi 28, hatua nne tu. Februari 2025 yeye na Smith walikutana kwenye Super Bowl. Smith alidaka pasi ya yadi 46 iliyofanya ubao usome 34-0. Worthy alimaliza na yadi 157 na alama mbili, zote zikija baada ya hapo, mechi ikiwa imekwisha. Siamui nani bora kwa usiku mmoja. Naona tu kwamba wembamba wote wawili walinunuliwa kwa nyongeza ndogo, na hakuna aliyejutia.

Kwa hiyo ripoti ya skauti naisoma kama ninavyosoma hadithi fupi: naziacha sifa, nafuata vitenzi. Austin alisifiwa kwa kukwepa, kuchomoka, kugeuka ghafla. Vitenzi vitamu, ila vyote vinaanza mpira ukiwa tayari mkononi, kwa hiyo lazima kwanza mtu apange namna ya kumfikishia. Smith alisifiwa kwa kumtoroka beki, kufika mahali kwa wakati, kudaka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mpokeaji, na inafanyika kabla mpira haujafika. Udogo wa umbo haukuigusa sana.

Mwaka uleule wa Austin, watafiti Cade Massey na Richard Thaler walichapisha katika jarida la Management Science utafiti ulioonyesha kwamba timu huzithamini mno zamu za juu na kuziamini mno bongo zao. Sioni kama unafunga mlango. Unadai tu kwamba anayepanda awe na sababu iliyo nzito kuliko kumpenda mtu.

Mtaani tunasema usidharau wembamba wa reli, treni hupita juu yake. Msemo wa kweli, nami ningempandia Smith kesho kwa zamu moja ya raundi ya tatu. Lakini reli haijawahi kuwa sababu ya kulipia tiketi mara mbili, na kwa zamu za Rams ningebaki pale pale kwenye nafasi ya 16.