Neno "fulani" katika maelezo ya Java

Maelezo ya lugha ya Java nayasoma kama insha: kila neno naliuliza linaahidi nini. Katika InputStream, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza la 1996, kuna sentensi inayonikera. Inasema read, ukiipa chombo cha kuhifadhia, husoma baiti idadi fulani kutoka kwenye mtiririko na kukurudishia hesabu yake.

Ni kweli tupu. Tatizo ni hilo "fulani". Mwenye chombo cha baiti 1,024 hutarajia kijae, na akisoma faili iliyo kwenye diski yake mara nyingi hujaa. Data ikija kwa mtandao, huenda zikafika 300 tu. Nafasi 724 zikabaki na yaliyokuwamo awali, na programu isiyotazama hesabu ikayachukua yote kuwa data. Hakuna hitilafu inayotangazwa. Picha inaharibika kimyakimya.

Anayekinga maji bombani anajua kusita si kukauka. Hapa kukauka kuna alama yake, -1, kusita hakuna. Onyo kwamba baiti zinaweza kupungua limeandikwa, ila kwenye read ya jirani, yenye vigezo vitatu.

Mwaka 2017 Java 9 ilileta readNBytes. Maelezo yake yanasema wazi: itasubiri mpaka idadi uliyoomba itimie, mtiririko uishe, au hitilafu itokee. Sentensi hiyo naisifu. Maelezo kuwa ya kweli hakutoshi. Onyo likae pale msomaji anapolihitaji.