Meza ya Kusoma

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo najua gazeti lingeanzia wapi: euro milioni 12.5. Hiyo ndiyo bei ambayo jumba la makumbusho la Louvre lililipa mwaka 2015 kuipata Meza ya Teschen, baada ya kuchangisha hadi wananchi wa kawaida. Si mchezo. Lakini bei haisemi lolote kuhusu meza yenyewe. Mimi nimeitazama kwa picha tu, nikizikuza mpaka macho yakauma, na nikajikuta nasoma.

Tuanze na kisa chake. Mwaka 1778 Austria na Prussia ziliingia vitani kugombea urithi wa Bavaria. Mapigano makubwa hayakutokea. Askari walihangaika kutafuta chakula kuliko kupigana, hata Wajerumani wakaiita vita ya viazi. Mwezi Mei 1779 mkataba ukatiwa saini mjini Teschen, na mmoja wa wasuluhishi alikuwa Baron de Breteuil, balozi wa Ufaransa mjini Vienna. Mtawala wa Saksonia, aliyekuwa upande wa Prussia, alimshukuru kwa kumpa meza. Ukoo wa Breteuil ukaitunza kwa zaidi ya miaka 200. Ndiyo maana Wafaransa wanaihesabu kuwa hazina yao, ingawa iliundwa Dresden na sonara Johann Christian Neuber.

Ni meza ndogo, kimo chake hakifiki mita moja. Mbao zake zimevishwa bronzi iliyopakwa dhahabu. Juu yake vimepachikwa vipande 128 vya mawe: akiki, yaspi, amethisto, hata mti uliogeuka jiwe. Kila kipande kina namba. Halafu, kwenye mtoto wa meza, kuna kijitabu kinachoeleza kila namba ni jiwe gani na limetoka wapi. Mengi yametoka Saksonia kwenyewe.

Hapo ndipo iliponishika. Bila kijitabu, hii ni meza ya kifahari tu, na Ulaya ya karne ya 18 haikukosa meza za kifahari. Ukiwa na kijitabu mkononi, unaanza kutembea: kutoka kilima hadi mto, kutoka machimbo hadi machimbo. Na hebu fikiria ni zawadi ya nini. Wafalme walikuwa wakigombana nani akate kipande gani cha nchi. Msuluhishi akaletewa nchi iliyokwisha katwa, ikasuguliwa, ikapewa namba, na hakuna mtu anayedai kipande cha mwenzake. Sijui kama Neuber alikusudia hivyo. Kazi yenyewe inasema hivyo.

Basi kasoro yake ni nini? Kwangu ni vile vipande vya kauri ya Meissen vyenye michoro ya kuisifu amani. Vinanikumbusha mwandishi asiyemwamini msomaji wake: hadithi imekwisha kueleweka, yeye anaongeza aya ya mafunzo. Mawe yalitosha.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo imo kwenye kijitabu. Jiwe limepewa jina na mahali lilipotoka. Aliyelichimba hana namba wala jina. Enzi hizo dhahabu ilipakwa juu ya bronzi kwa kuchanganywa na zebaki, kisha zebaki ikachomwa mpaka iwe mvuke, na fundi akauvuta mvuke huo kwa mapafu yake. Kijitabu chenye bidii ya kutaja chanzo cha kila kipande kimemsahau mtu huyo. Wapo watakaosema namdai Neuber mambo ya karne yetu. Sawa, lakini ni yeye aliyeanza kuorodhesha. Anayeorodhesha tunamhukumu pia kwa alivyoviacha.

Hata hivyo naipenda. Imenifundisha kitu kuhusu kazi yangu mwenyewe, maana nami nimeandika taarifa nyingi zenye takwimu zote na zisizo na mtu hata mmoja.

Ukibahatika kufika Louvre, usikimbilie dhahabu. Chagua namba moja pembeni, jiwe la kawaida kabisa. Jiulize limetoka kijiji gani, na ni nani alilibeba mpaka Dresden.