Pongezi kwa Sabato ya Gendia
Tangu mwaka 1906, Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipoasisi misheni ya Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay, kaya nyingi za Homa Bay na Migori zimeishika amana ambayo Mayahudi waliihifadhi karne baada ya karne: Ijumaa alasiri maji yameshatekwa, nguo zimeshapigwa pasi, samaki ameshapikwa, na jua lituapo kazi hukoma. Abraham Joshua Heschel, mwanachuoni wa Kiyahudi, alieleza mwaka 1951 kwamba Mungu aliutakasa wakati kabla ya kutakasa mahali popote. Na elimu hiyo adhimu, kwa maoni yangu, huthibitishwa hapa na mama mchuuzi aiachaye faida ya Jumamosi kwa hiari yake. Mama huyo astahili heshima ya wanachuoni.