Vidole Vitatu Kwenye Kifundo cha Mkono

Tabibu hodari humsoma mgonjwa kwanza, dawa baadaye. Ndiyo maana namheshimu hanuisa, tabibu wa jadi wa Korea Kusini. Nimeishi Seoul nikiwa mgeni, nikamwendea kwa sababu ya mgongo uliokaza na usingizi ulionipaa. Nafuu niliipata, lakini kilichonikaa zaidi moyoni ni jinsi alivyofanya kazi yake.

Hanuisa huanza kwa kuuliza. Unalalaje? Chakula kinashuka vizuri? Miguu inapata baridi usiku? Hutazama ulimi, rangi yake na utando wake. Kisha huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, hubonyeza kwa wepesi, halafu kwa nguvu zaidi, akifuata mapigo ya mshipa mkono mmoja baada ya mwingine. Hasemi neno wakati huo, wala hana haraka. Ujuzi huo haupatikani kwa majuma machache: husomewa chuo kikuu miaka 6, kisha kuna mtihani wa taifa na leseni.

Baada ya hapo hufuata sindano nyembamba mfano wa unywele, na ssuk, mmea wa jamii ya pakanga, unaokaushwa na kuunguzwa taratibu ili joto lake liingie mwilini. Vipo pia vikombe vya kuvuta ngozi. Mtu wa pwani yetu aliyewahi kuumikwa atavitambua mara moja.

Dawa yenyewe huanzia sokoni. Katika mtaa wa Jegi-dong, harufu ya mizizi hukupokea kabla hujaona duka la kwanza: mdalasini, urukususu, tangawizi kavu, jinseng, na daechu, tunda jekundu la jamii moja na kunazi zetu. Hapo zama za ufalme wa Joseon palikuwa na Bojewon, nyumba iliyowatibu na kuwalisha maskini. Zamani dawa ilichemshiwa nyumbani katika chungu cha udongo kilichofunikwa kwa karatasi, na mpishi alikaa na moto wake hadi maji yapungue na kuwa meusi. Siku hizi wengi huipokea ikiwa imeshachemshwa na kutiwa katika vifuko, lakini kila mchanganyiko bado hupimwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

Ufundi huu una mzee wake, Heo Jun, tabibu wa kasri. Mwaka 1596, nchi ikiwa vitani na Wajapani, mfalme Seonjo aliwaagiza yeye na wenzake wakusanye elimu ya tiba katika kitabu kimoja. Uvamizi wa 1597 ukawatawanya. Mfalme alipofariki mwaka 1608, Heo Jun alitwishwa lawama akapelekwa uhamishoni, na huko hakuiacha kalamu. Kitabu hicho, Donguibogam, kilikamilika mwaka 1610 na kuchapishwa 1613, juzuu 25. Mwaka 2009 UNESCO ilikitia katika Kumbukumbu ya Dunia. Mimi linalonigusa ni hili: alipoorodhesha mimea, aliandika kwa Hangul, hati ya Kikorea, majina waliyoyatumia wanakijiji, ili asiye na uwezo wa kununua dawa ghali za kutoka China aitambue ile iliyoota karibu na kwake.

Maarifa hayo yamefika hadi jikoni. Siku tatu za joto kali zinazoitwa boknal, familia hula samgyetang: kuku mdogo aliyejazwa mchele wa kunata, jinseng, kitunguu saumu na daechu, akachemshwa, akaletwa mezani mchuzi ukitokota. Mzazi hupewa miyeokguk, supu ya mwani, arudishe nguvu, na mtoto aliyezaliwa atainywa supu hiyo kila siku yake ya kuzaliwa.

Sidai kwamba mizizi huponya kila ugonjwa. Upasuaji na dawa za hospitali zina mahali pake, na Wakorea huvitumia vyote. Ninachokisifu ni adabu ya kazi. Anayegusa mwili wa binadamu anapaswa kuuliza kwanza, kusikiliza hadi mwisho, kisha kumwachia mgonjwa elimu anayoweza kuitumia nyumbani kwake. Heo Jun aliliona hilo. Kila chuo cha tiba, kwetu pia, kingefaa kulifundisha siku ya kwanza.