Fundi wa Mbegu

Katika misiba ya kwetu Tunduma, kabla jeneza halijatoka nyumbani, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Wasifu wa bibi yetu ulisomwa vizuri na kila neno lilikuwa la kweli. Alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu. Lakini hapakutajwa popote kwamba alikuwa fundi. Angekuwa mwashi au seremala, ufundi wake ungetangulia hata ubatizo wake. Yeye alikuwa mkulima na mke wa mkulima, na kazi aliyoijua kuliko watu wote kijijini ilikuwa kuchagua na kutunza mbegu. Wapole tunao wengi, Mungu azidi kutupa. Wanaojua kazi ile wamebaki wachache, na ndiyo sababu naandika.

Anayeijua Tunduma kwa kupita anajua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, wabadilisha fedha, reli ya TAZARA, na Nakonde pale ng'ambo. Toka nje ya mji kidogo, uelekee Mbozi au ushuke upande wa Momba, utakuta mahindi, maharage, ulezi na kahawa. Mpaka wenyewe ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili. Watu waliendelea kuoana, na mbegu zikaendelea kusafiri na maharusi. Bibi mwenyewe alikuja kuolewa huku na maharage ya mama yake yakiwa yamefungwa kwenye pindo la kitambaa.

Kazi yake ilianza Mei, mahindi yakiwa bado yamesimama. Wengi huchagua mbegu baada ya kuvuna: wanakaa penye rundo, wanatoa mahindi makubwa makubwa, imekwisha. Bibi aliona huko ni kuchelewa. Hindi lililo kwenye rundo halisemi limetoka kwenye mmea wa namna gani. Huenda lilinenepa kwa sababu wenzake wa pembeni waliliwa na panya likabaki peke yake, au liliota palipokuwa zizi zamani. Yeye alitaka kuuona mmea mzima: bua limebaki wima baada ya upepo wa masika, majani hayana michirizi ya ugonjwa, mimea mingine imelibana kila upande na bado limezaa. Kisha alitazama maganda. Hindi ambalo maganda yake hayakufunika ncha alilikataa, hata liwe kubwa kiasi gani, kwa kuwa hapo ndipo fukusi wanapoingilia. Na wakiingia shambani, utawabeba mwenyewe mpaka nyumbani. Alilolikubali alilifunga kipande cha kitenge kwenye bua, na mtoto aliyethubutu kulivunja akachome alijua kitakachompata.

Alichagua katikati ya shamba, kamwe si pembeni. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, hivyo mistari ya pembezoni hupokea ya shamba la jirani. Mwalimu wa baiolojia alipotufundisha uchavushaji, mimi nilikuwa nimeshauona ukizingatiwa na mtu aliyeishia darasa la pili.

Mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa jikoni, juu ya moshi lakini si juu ya moto moja kwa moja, maana joto kali huua kiini. Wataalamu wa hifadhi wanataka unyevu wa punje usizidi asilimia 13 au hivi. Bibi aliuma punje. Ikikubali jino, hairudi chini kutoka darini. Ikivunjika kwa mlio mkavu, iko tayari. Siku ya kupukuchua aliacha punje za ncha na za kitako ziende kwenye chakula, akabakiza zile za katikati, zilizolingana, zinazoota pamoja.

Maharage yalikuwa na kanuni nyingine. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, kwa hiyo uzao hufanana na mzazi, na kazi kubwa ni kuondoa wagonjwa. Alikaa na ungo juani akitoa kila punje yenye doa au iliyokunjamana. Wanunuzi wa Tunduma wanataka aina moja isiyochanganyika, na kablanketi wanaipenda sana, basi akawatengea ya kwao. Ya kupanda aliyachanganya tena, mekundu, ya njano, yenye mabaka, kwa makusudi kabisa. Mvua ikizidi, aina moja huoza na nyingine hustahimili. Ikikatika mapema, hali hugeuka. Nimewahi kusikia mtu akiita mchanganyiko ule uzembe. Ulikuwa hesabu.

Aliyahifadhi kwenye kibuyu, pamoja na majivu yaliyochekechwa. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu asipate pa kupita, na humkwaruza ngozi mpaka anakauka. Kibuyu kilijazwa hadi shingoni, kikazibwa kwa udongo. Leo madukani kuna mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliofanywa Kameruni kwa ajili ya kunde. Mdudu aliyefungiwa ndani humaliza hewa na kufa. Ni mifuko mizuri, naipendekeza kwa kila mtu. Kibuyu kilichojaa na kuzibwa vizuri kilifuata kanuni hiyohiyo.

Kuna adui mmoja aliyemshinda kwa muda. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, aliingia nchini kupitia Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, akasambaa pamoja na nafaka zinazosafirishwa. Wakulima walimpa jina la Scania. Fukusi hula, dumuzi husaga, anakuachia unga na magunzi. Kwa kizazi cha bibi, mahindi yalikaa kwenye kihenge yakiwa na maganda yake, na hiyo kwa dumuzi ni karamu. Bibi akabadilika. Mahindi ya chakula akayapukuchua mapema na kuyatia dawa ya dukani, akaongeza eneo la ulezi, ambao punje zake ni ndogo mno kwa wadudu hawa na hukaa miaka ghalani.

Hali kadhalika, hakuwa adui wa mbegu chotara. Alipanda zinazotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, akavuna, akauza, akalipa ada zetu za shule. Alijua pia kwamba mbegu chotara ukiirudia msimu wa pili hupoteza nguvu yake, kwa hiyo alizinunua kila mwaka bila kinyongo. Ile ya kienyeji, yenye punje ngumu inayotoa sembe nyingi kinuni, aliilima kwa ajili ya sufuria yake.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ilikuja Januari na Februari, ghala limepungua na shamba bado bichi. Iwapo upandaji ulichelewa au palihitajika kurudishia, mbegu zilikuwa bado zinaning'inia juu ya vichwa vyetu tukiwa na njaa. Mwaka 1939 mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards alichapisha kitabu kuhusu ardhi, kazi na chakula cha Wabemba, majirani zetu wa Zambia, na alilichukulia ghala la mke kuwa jambo la kuchunguzwa kwa makini. Alikuwa na haki. Kumnyima mjukuu anayelia, kumkatalia mnunuzi mwenye mzani na fedha taslimu, kisha kumpa jirani aliyekosa mbegu kibaba kizima bila kuandika deni: maamuzi hayo matatu bibi aliweza kuyafanya kwa siku moja, na kila moja lilikuwa na hoja yake.

Shangazi yangu ndiye anayefunga vitenge shambani sasa. Wewe ambaye bibi yako yu hai na bado analima, mwendee Mei, si Julai. Julai utakuta magunia yameshashonwa, utaishia kusimuliwa. Mei utatembea nyuma yake kati ya mabua, umwulize kwa nini ameliruka hili akalifunga lile. Usimkubalie upesi. Bibi yetu alieleza vizuri zaidi alipobishiwa.