Joto Lisilocheza: Namna ya Kuipima Subaru Iliyoongezwa Nguvu

Mnunuzi wa Subaru ya turbo iliyofanyiwa kazi mjini Nairobi akifungua boneti huvutiwa na rejeta nene ya aluminiamu na mipira ya silikoni ya buluu. Vinaweza kuwa vitu vizuri. Havikuambii kama injini inapoa.

Karibu theluthi ya nishati ya petroli huishia kwenye maji ya rejeta, kwa hiyo anayeongeza presha ya turbo ameongeza na joto la kuondoa. Joto hilo likibaki, gari halizimi, linakuwa zito. Kompyuta ikihisi mlipuko wa kabla ya wakati ndani ya silinda, huchelewesha cheche, na nguvu uliyoilipia hutoweka bila taa yoyote kuwaka. Hewa ya moto nayo ni nyepesi: ikiingia ikiwa imezidi kwa nyuzi 10, injini inapata pungufu la takriban asilimia 3.

Ndiyo maana mimi huanza na intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kwenye Impreza WRX imekaa juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Gari likikimbia, hakuna neno. Kwenye foleni ya Mombasa Road inaokwa na injini iliyo chini yake. Wengi huihamishia mbele, nyuma ya bampa, na hapo ndipo utamjua fundi, kwa sababu sasa imesimama kati ya upepo na rejeta. Piga magoti, washa tochi. Aliyejua kazi ameziba mianya yote ya pembeni kwa bati au sponji, maana hewa hufuata njia rahisi, na mkono wako ukipita kati ya rejeta na fremu, ujue upepo nao unapita hapo hapo. Tazama pia kava ya feni. Rejeta nene sana yenye feni mbili ndogo zilizofungwa kwa vibanio vya plastiki itapoa vizuri barabara ikiwa wazi, kisha ichemke kwenye mzunguko wa kwanza wenye msongamano. Heri rejeta ya kawaida iliyozibwa vizuri.

Kisha uliza habari za themostati, tena uliza waziwazi. Kuna mafundi wa kwetu wanaoitoa na kuitupa, wakidai gari litapoa zaidi. Ni kweli litapoa, na hilo ndilo tatizo. Injini isiyofikia joto lake huendelea kunyweshwa petroli nyingi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, petroli hiyo hupenya hadi kwenye oili, na oili iliyochujuka hailindi beringi. Gari la namna hiyo mimi huliacha, hata liwe na rangi ya kupendeza vipi.

Vifuniko vya rejeta ni bei rahisi, na pengine ndiyo sababu hakuna anayevijali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari; maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 94. Kifuniko cha bar 1.1 husogeza kiwango hicho hadi karibu 119, mradi mpira wake ni mzima. Subaru nyingi za turbo zina vifuniko viwili vyenye presha tofauti, na si ajabu kukuta vimebadilishana mahali. Halafu silinda zimelala kushoto na kulia, hivyo hewa hunasa kwa urahisi maji yakijazwa kwa pupa. Ukisikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi, aliyejaza alikuwa na haraka, au gasketi ya hedi inapitisha.

Mshale wa dashibodi usikutulize. Hukaa katikati hata joto likipanda sana. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kisha panda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru mchana wa jua, nyuma ya malori. Namba ya joto la maji ikicheza kati ya 85 na 95, sawa. Ikipanda bila kusimama, usifike juu. Ikipita 100 mlimani lakini ikarudi ndani ya dakika moja au mbili barabara inapokuwa tambarare, mfumo unajitahidi, ila presha ya turbo imezidi uwezo wake, na bei nayo ipunguzwe.